Hariri za Uajemi na Watu Waliofumwa Ndani Yake

Safu hii imezoea kuzungumzia riwaya, tamthilia na diwani za mashairi, na baadhi yenu mtashangaa kwamba mara hii tumekuja na nguo. Tunaomba radhi, lakini si sana. Nguo nayo husomwa. Aliyelelewa na mama mwenye sanduku la kanga hahitaji kuelezwa hilo. Anajua kwamba jirani akipita na leso yenye maneno fulani, ujumbe umefika na hakuna aliyefungua kinywa.

Tunachotaka kusoma leo ni hariri za Uajemi wa zamani, hasa zile zenye sura za watu: wapanda farasi, wawindaji wenye kipanga mkononi, vijana wenye chupa na vikombe bustanini, wapenzi, na mateka. Nyingi zilifumwa katika enzi ya wafalme wa Kisafavi, walioitawala Iran kuanzia 1501 hadi 1722. Mtauliza, sisi na hayo wapi na wapi? Jibu la kwanza ni la ujirani tu. Mwaka 2014 Makumbusho ya Sanaa ya Dallas yalipokea, kwa mkopo wa miaka 15, mkusanyo uitwao Keir, wenye karibu vitu 2,000 vya sanaa ya nchi za Kiislamu, uliokusanywa na Edmund de Unger, mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Uingereza na kufariki mwaka 2011. Aprili 2017 mkusanyo huo ukafunguliwa ukumbi wake. Wenzetu wa Houston nao hawakuachwa nyuma. Makumbusho yao ya sanaa yalianza mwaka 2013 kuonyesha vitu vilivyoazimwa kutoka mkusanyo wa al-Sabah wa Kuwait, kisha kuanzia Novemba 2017 hadi Februari 2018 yakaweka onyesho la mkusanyo wa Hossein Afshar kwa jina la Bestowing Beauty, yaani kutunuku uzuri, na Machi 2023 yakafungua kumbi mpya za sanaa ya ulimwengu wa Kiislamu. Basi vitu ambavyo zamani ungevifuata London au New York sasa viko njiani unapotoka kazini, kati ya Dallas na Houston, mwendo wa saa nne kwa barabara ya I-45 kama foleni haikukusudia kukukomoa.

Sisi tulikwenda kundi la watu saba, wa Arlington, Irving na Fort Worth, pamoja na mzee wetu mmoja wa Mombasa na bibi mmoja wa Unguja aliyekuja kumtembelea binti yake. Tahadhari moja kwa watakaofuata nyayo zetu. Hariri haikai nje mwaka mzima. Mwanga huila rangi na kuuchosha uzi, kwa hiyo makumbusho huionyesha kwa miezi michache katika mwanga hafifu, kisha huirudisha gizani ipumzike. Ukiingia ukumbini na kuona kama umeme umepungua, usidhani ni mambo ya nyumbani. Na usimuahidi mtu kwamba utamwonyesha kitambaa fulani, maana huenda ukakuta zamu yake imekwisha. Kwa sababu hiyo mengi tunayoyasema hapa tuliyapata kwa kuunganisha tulichokiona kwa macho na picha za vitabuni, hasa kitabu cha Friedrich Spuhler cha mwaka 1978 kuhusu mazulia na vitambaa vya mkusanyo wa Keir, ambacho mtu aweza kukiomba kupitia maktaba ya mtaani kwake wakamletea kutoka maktaba nyingine.

Tuanze na ufundi, kwa sababu bila ufundi sura hizi hazieleweki. Sura ya mtu katika hariri hizi haikuchorwa juu ya nguo wala haikutariziwa baadaye. Imo ndani ya mfumo wenyewe wa mtande na mshindio. Kabla uzi wa kwanza haujapita, fundi mmoja alikaa na mchoro akaugeuza kuwa kamba: kamba hii ikivutwa, nyuzi hizi za mtande zitainuka, ile ikivutwa, zitainuka zile. Fundi huyo Waajemi walimwita naqshband. Sikilizeni neno hilo vizuri. Naqsh ndiyo nakshi yetu ileile ya milango ya Lamu na Mji Mkongwe, na band ni kufunga. Mfunga nakshi. Mfumaji alipokaa kwenye kitanda cha mfumi, juu yake alikaa msaidizi aliyevuta kamba hizo moja baada ya nyingine kwa zamu iliyopangwa, na kijana mwenye kilemba akaanza kuchomoza chini, mstari kwa mstari, viatu kwanza au kilemba kwanza.

Kamba zikishafungwa, sura hurudi yenyewe. Kijana wa kwanza akimalizika, wa pili huanza, na safu ya pili mara nyingi hugeuzwa, aliyekuwa akitazama kulia sasa anatazama kushoto. Katika mahameli, mafundi waliongeza ujanja mwingine: walibadilisha nyuzi za rangi zinazofanya manyoya ya kitambaa, sura ileile ikatoka na mavazi ya rangi nyingine. Unaona safu ya vijana watano, ukadhani ni watu watano, kumbe ni mmoja aliyebadilisha nguo. Wenzetu waliowahi kuvaa sare ya harusi wataelewa.

Katika mafundi wote jina linalotajwa zaidi ni la Ghiyath wa Yazd, aliyefanya kazi mwishoni mwa karne ya 16 na kuhusishwa na kasri ya Shah Abbas wa Kwanza, mfalme aliyetawala kuanzia 1587 hadi 1629. Ghiyath alifuma jina lake ndani ya nguo, na kwa kuwa nakshi hujirudia, jina nalo hujirudia. Kati ya nguo zake maarufu ziko zile za Laila na Majnun, kisa ambacho wengi wetu tulikutana nacho katika sinema za Kihindi kabla hatujajua kwamba mshairi Nizami wa Ganja alikitunga kwa Kiajemi mwaka 1188. Laila amekaa katika kibanda juu ya ngamia. Majnun, mwembamba, yuko nyikani na wanyama wake. Safu moja Laila, safu nyingine Majnun, juu hadi chini. Hapa ndipo tulipoona kwamba kurudiarudia si upungufu wa mashine ya kale. Wapenzi hawa katika kisa hawaonani ila kwa tabu, na katika jora la Ghiyath wako pamoja kwa urefu wote wa kitambaa, sentimita chache tu kati yao, na hawafikiani kamwe. Mshairi anahitaji maelfu ya beti kulisema hilo. Fundi amelisema kwa kamba.

Sasa mzee wetu wa Mombasa. Tulipokuwa tumesimama mbele ya picha mojawapo, alitazama kimya, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nyinyi, hawa si Waislamu? Mbona wamevaa watu?" Kijana wetu wa Irving, aliyezaliwa hapahapa, akamjibu, "Lakini babu, na wewe shati lako lina mtu juu ya farasi." Mzee akajitazama kifuani, kweli, alama ya kampuni, mchezaji wa polo. Tulicheka sote, naye akacheka, ila swali lake halikufutika kwa kicheko.

Hatutoi fatwa hapa, hiyo si kazi ya safu ya fasihi. Lakini swali hili ni la zamani na limezungumzwa na wenye elimu tangu mwanzo. Wengi mnaikumbuka hadithi ya pazia la Bibi Aisha lenye picha: Mtume alilichukia likiwa limetundikwa, likakatwa likafanywa mito, na mito hiyo ikatumika nyumbani. Wanazuoni wamejadiliana karne nyingi juu ya maana yake. Sisi tunaona jambo moja la mhakiki, si la mufti: mahali na matumizi vinabadilisha picha. Wasafavi wenyewe walilijua hilo. Ule msikiti mkubwa wa Isfahan ulioanza kujengwa mwaka 1611 umejaa vigae vya maua na maandishi. Nenda kasri ya Chehel Sotun katika mji huohuo na kuta zimejaa watu, karamu na vita. Hariri za sura ni nguo za kasri. Kuziita zote sanaa ya Kiislamu bila kufafanua, kama vinavyofanya vibao vya kumbi nyingi duniani, ndiko kunakomchanganya mzee wa Mombasa. Yeye hakukosea kuuliza.

Jibu la pili la "sisi na hayo wapi na wapi" liko mdomoni mwetu. Tulipokuwa tukirudi garini tulianza mchezo wa kutafuta maneno ya nguo yaliyotoka Uajemi. Pamba. Rangi. Shali. Zari, ambayo kwa Kiajemi zar ni dhahabu. Bafta, ile nyeupe nyepesi, ambayo maana yake kwa Kiajemi ni kilichofumwa. Darizi, kutoka kwa darzi, yaani mshonaji. Bibi wa Unguja alituongezea suruali, iliyopitia kwa Waarabu kabla ya kutufikia. Hatuna haja ya kusema kwamba pwani yetu ni Uajemi mdogo, na tutaeleza punde kwa nini tunaogopa kauli hiyo, lakini mtu asiyejua kwamba anapotamka zari anatamka neno la soko la mafundi wale, amepoteza kitu chake mwenyewe.

Na hariri yenyewe tunaijua kabla hata ya Wasafavi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimwona sultani akitembea chini ya vitaa vinne vya hariri ya rangi, na juu ya kila kimoja sura ya ndege wa dhahabu. Ndege, tena wa dhahabu, juu ya sultani Mwislamu wa pwani ya Afrika, miaka 170 kabla ya Shah wa kwanza wa Kisafavi. Hapo mzee wetu alinyamaza kidogo. Katika karne ya 16 Wareno nao waliandika kuhusu vitambaa vya hariri vya Pate vilivyotafutwa pwani nzima, na kuhusu wafumaji wa kwetu waliofumua nguo za Gujarat ili wapate nyuzi za rangi na kufuma upya walivyotaka wao. Kufumua cha mgeni ili ufume chako: sisi tunaona hiyo ni nadharia kamili ya uhakiki, na aliyeibuni hakuandika kitabu.

Wareno haohao ndio wanaounganisha ukurasa huu. Ngome ya Yesu pale Mombasa waliianza mwaka 1593, na Hormuz, mlango wa Ghuba, ilikuwa yao kwa zaidi ya miaka 100. Shah Abbas alitaka hariri yake ipite anakotaka yeye. Mwaka 1619 aliifanya biashara ya kuuza hariri nje kuwa ya mfalme, na Waarmenia wa New Julfa, mtaa wa Isfahan alikowahamishia kwa nguvu miaka kama 15 kabla, wakawa mawakala wakubwa wa biashara hiyo. Mwaka 1622 jeshi lake likisaidiwa na meli za Waingereza likawang'oa Wareno Hormuz. Aliyeongoza jeshi hilo ni Imam Quli Khan, liwali wa Fars, mkoa ambao mji wake mkuu ni Shiraz. Kumbukeni jina hilo, tutalirudia.

Tulifika kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo lililotufanya tuandike.

Katika makumbusho ya Metropolitan ya New York kuna kipande cha hariri ya katikati ya karne ya 16 kinachoonyesha watu wa kasri ya Kisafavi wakiwaongoza mateka wa Kijorjia. Si hicho tu. Viko vipande kadhaa vya aina hiyo vilivyosalia duniani, kiasi cha wataalamu kuvitengea kundi lake, nguo za mateka. Huhusishwa na vita vya Shah Tahmasp, aliyeivamia Georgia mara nne kuanzia 1540 hadi miaka ya mwanzo ya 1550 na kurudi na maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto. Tulikiona katika picha, meza ya maktaba, tukiwa tunatafuta mengine. Kijana wetu ndiye aliyeuliza, "Huyu mbona kafungwa?"

Tazameni nguo hiyo kwa jicho la mfumaji. Mateka amefumwa kwa hariri ileile ya aliyemteka. Uzuri wake haukupunguzwa. Na kwa kuwa kamba zimefungwa mara moja tu, anarudi. Anaongozwa katika safu ya kwanza, anaongozwa katika ya pili, anaongozwa hadi jora liishe. Halafu jora linakatwa, linashonwa joho, na mtu analivaa kwenda barazani. Aliyelivaa aliona nini? Ushindi wa mfalme wake, bila shaka. Au labda baada ya siku tatu hakuona kitu tena, kama sisi tusivyoona picha iliyotundikwa sebuleni tangu tulipohamia. Hilo la pili ndilo linalotutia hofu zaidi. Kurudiarudia kulikowaweka Laila na Majnun katika hamu isiyokwisha, hapa kunamfanya mtu aliyefungwa awe pambo. Ufundi ni uleule.

Hapa tunapingana na jina la onyesho lile la Houston, ingawa tulilipenda onyesho lenyewe na tungelirudia kesho. Kutunuku uzuri ni jina tamu, na kweli hariri hizi zilitunukiwa: mfalme alimvika joho aliyemridhisha, na alituma majora kwa wafalme wenzake. Koti la mahameli ya Kiajemi lenye sura za watu alilotumiwa Malkia Christina wa Sweden na mfalme wa Urusi mwaka 1644 bado liko Stockholm. Lakini anayetunukiwa uzuri hupaswa kuuliza bei yake imelipwa na nani. Neno uzuri likiwekwa mlangoni kubwa mno, mgeni anaingia ameshajibiwa kabla hajauliza. Tungetamani kibao cha nguo yoyote ya aina hii kianze na yule aliyefungwa, kisha ndiyo tuambiwe ni satini na uzi wa fedha.

Wengine kikundini walitupinga, na tunawapa nafasi kwa sababu wana hoja. Walisema hatuwezi kuwasoma watu wa karne ya 16 kwa miwani ya Zanzibar. Mateka wa Kijorjia, walisema, si sawa na mtumwa wa shamba la karafuu: wengi waliingizwa jeshini na kasri wakiitwa ghulam, neno ambalo kwetu ghulamu ni kijana tu, na baadhi yao walipanda hadi juu kabisa. Kweli. Allahverdi Khan alikuwa Mjorjia, mzaliwa wa Kikristo, akawa ghulam, kisha amiri jeshi na liwali wa Fars, na lile daraja la matao 33 la Isfahan linabeba jina lake hadi leo. Mtoto wake ndiye Imam Quli Khan aliyewatoa Wareno Hormuz. Yaani Shiraz, mji ambao wengine wetu tunajivunia nasaba yake, ulitawaliwa na mtu aliyetoka katika watu walewale waliofumwa kwenye hariri wakiwa wamefungwa, na baada yake na mwanawe. Tunaikubali hoja hiyo kama historia. Kama usomaji wa kitambaa, hatuikubali. Kitambaa hakikumfuma liwali. Kilimfuma wakati amefungwa, na hapo kikamwacha.

Na kuhusu nasaba: utafiti wa vinasaba uliochapishwa Machi 2023, uliochunguza mabaki ya watu 80 wa miji ya pwani na jirani zake, ulionyesha kwamba watu wa kale wa miji yetu walikuwa mchanganyiko, upande wa kike zaidi Waafrika, na upande wa kiume wengi wakiwa na asili ya Uajemi, mchanganyiko ulioanza kama miaka 1,000 iliyopita. Kuna waliousoma utafiti huo kwa shangwe, kwamba Ushirazi umethibitika. Sawa, babu kathibitika. Ila bibi ndiye aliyelea na ndiye aliyetupa lugha, na tukienda makumbusho kutafuta mizigo ya babu tu, tutatoka na nusu ya ukoo.

Bibi wa Unguja hakushiriki sana katika mjadala huu. Alisubiri tukachoka, kisha akatukumbusha kaniki. Wasomaji vijana huenda hamuijui: kitambaa cha pamba cha rangi ya buluu iliyokolea karibu na nyeusi, kisicho na ua wala neno, ndicho walichovaa wanawake watumwa pwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria mwaka 1897. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu starehe na siasa Zanzibar, anaeleza jinsi walioachwa huru walivyoitupa kaniki na kununua kanga, kanga za rangi, kanga zenye nakshi mpya kila majira, hata kwa pesa ya mwisho. Bibi hakukisoma kitabu hicho. Alisikia kwa nyanyake. "Walikuwa hawataki rangi ya jana," alisema.

Basi weka kanga kando ya ile hariri. Kanga haina mtu. Ina mji katikati, ina pindo, ina tausi pengine, samaki, jogoo, na lile umbo tunaloliita korosho, ambalo ni ndugu wa ua lililopindika la shali za Kashmir na za Uajemi, likapita kwenye viwanda vya Ulaya kabla ya kutufikia. Sura za watu zilipoingia zilikuwa za marais na wagombea, na wengi wetu tuna maoni yetu kuhusu kanga hizo. Mtu katika kanga ni yule aliyeivaa. Amejifunga mwenyewe, kwa mkono wake, na anachotaka kusema kimeandikwa chini kwa herufi kubwa. Hariri ya Tahmasp ilimfuma mtu kisha ikamnyima neno. Hatusemi kwamba kanga ni sanaa bora kuliko kazi ya Yazd, hiyo ingekuwa porojo: hakuna kanga iliyowahi kukaribia ufundi wa Ghiyath, na nyingi za siku hizi rangi zinatoka kwenye ndoo ya kwanza. Tunasema zinajibizana, na kwamba aliyelelewa na moja ana haki ya kuisoma nyingine bila kuomba ruhusa kwa profesa.

Halafu ni Texas. Galveston iko maili kama 50 kutoka katikati ya Houston. Huko ndiko ilikosomwa amri ya tarehe 19 Juni 1865 kwamba watumwa wa jimbo hili wako huru, zaidi ya miaka miwili baada ya tangazo la Lincoln. Siku hiyo imekuwa sikukuu ya taifa zima tangu 2021. Tunaishi mahali ambapo swali la nani alifungwa na nani alivaa hariri si la Iran peke yake wala la Unguja peke yake. Jirani zetu Wamarekani Weusi wangeitazama nguo ya mateka kwa nusu dakika tu na kujua la kuuliza.

Neno dogo kuhusu uwongo, maana tuliulizwa. Si kila hariri ya kale ni ya kale. Mwaka 1925 vilianza kutoka makaburini karibu na Rayy, pembeni mwa Tehran, vitambaa vilivyosemekana ni vya karne ya 10 na 11, zama za Wabuwayhi. Wanunuzi waliwania, na vikazidi kuongezeka kwa namna ya kutia shaka, kama kuku wa shemeji wasioisha. Wataalamu walibishana miongo mingi hadi vipimo vya kaboni vilipoonyesha kwamba vingi vilifumwa karne ya 20. Inafurahisha kwamba mafundi wa uwongo huo walikuwa hodari hasa, na majina yao hatuyajui.

Tuliporudi, karibu na Ennis, tulisimama kununua chai. Kijana wetu alikuwa na picha ya ile hariri kwenye simu, akaikuza hadi uso wa mateka ukajaza kioo. Ukiukuza hivyo unapotea, unabaki uzi mwekundu, uzi mweupe, uzi mweusi. Akampa mzee simu. Mzee akavua miwani, akaisogeza simu karibu, kisha mbali, akasema, "Kamfuma macho wazi huyu." Hatukujua anamsifu fundi au anamlaumu, naye hakufafanua.

Tunapanga kwenda tena Houston mwezi ujao, Jumamosi, tukijaaliwa, na mara hii tungependa wenzetu wa Houston na Sugar Land watupokee huko. Watakaofuatana nasi wawaambie wahariri mapema ili tujue idadi ya magari. Na kama kuna msomaji aliyehifadhi kanga ya zamani yenye sura ya mtu, ya kabla ya miaka ya 1960 ikiwezekana, tunamwomba aje nayo. Hatutaikata. Tunataka kuitandaza mezani, tuione.